Saratani ya mfupa inapojirudia kwenye ukoo: jinsi ya kuchunguza kama ni ya kurithi

Mara nyingi habari huanzia kwenye goti. Mtoto wa miaka 13 analalamika kuwa goti linamuuma usiku. Anaambiwa ni maumivu ya kukua, anachuliwa kwa mafuta ya moto, na baada ya miezi mitatu uvimbe uko juu ya goti na daktari ametamka neno osteosakoma. Jioni hiyo, watu wakiwa wamekaa sebuleni, mzee mmoja anasema taratibu: "Kwani Hamisi naye si alikatwa mguu?" Hakuna anayejibu.

Mwongozo huu ni wa yule atakayeshika daftari baada ya swali hilo. Halihitaji elimu ya tiba. Linahitaji mtu mdadisi, mwenye subira na wazee, asiyeona haya kuuliza jambo lile lile mara mbili. Niseme mapema msimamo wangu: watu wengi hukimbilia kupima damu, na hapo ndipo wanapopoteza fedha na muda. Maabara ya vinasaba haijui itafute nini mpaka iambiwe, na cha kuiambia kinatoka kwenye karatasi mbili, yaani ripoti ya patholojia ya mgonjwa na mti wa ukoo. Kwa hiyo nusu ya mwongozo huu haina sindano.

Ili tusizungumze hewani, nitatumia ukoo wa kubuni. Mgonjwa ni Zuhura, miaka 13, osteosakoma ya paja karibu na goti la kushoto. Baba yake ni Salimu, mzima wa afya, amezaliwa mwaka 1974. Shangazi yake, Mwanaidi, alifariki kwa saratani ya matiti. Baba yake mdogo, Hamisi, ndiye aliyekatwa mguu. Babu yake Zuhura, Bakari, aliyewazaa Salimu na Hamisi, alifariki zamani, "wa kichwa".

Hatua ya 1: Pata jina kamili la uvimbe

"Kansa ya mfupa" si jina, ni mahali. Kwa watu wazima, saratani nyingi zinazoonekana mfupani zimesafiri kutoka kwingine: matiti, tezi dume, mapafu, figo. Mzee wa miaka 75 aliyesemekana kufa kwa "kansa ya uti wa mgongo" huenda alikuwa na tezi dume iliyosambaa, na habari yake haihusiani kabisa na goti la mjukuu wake. Ukiwaweka wote wawili kwenye fungu moja, umeshapotea kabla hujaanza.

Zile zinazoanzia mfupani kwenyewe ni chache, na kila moja ina mlango wake wa urithi.

Osteosakoma hupenda mifupa inayokua kwa kasi: paja kwa chini, muundi kwa juu, mkono karibu na bega. Wagonjwa wengi ni vijana walio katika umri wa kubalehe. Jeni (vipande vya vinasaba vinavyobeba maagizo ya mwili) zinazohusika zaidi ni TP53 na RB1. Kuna pia RECQL4, inayosababisha hali nadra ambayo mtoto hupata vipele usoni tangu uchanga na hubaki mfupi.

Kondrosakoma hutokana na gegedu. Kama mgonjwa amekuwa na vinundu vigumu vya mfupa tangu utotoni, kwenye magoti, mabega au mbavu, na mzazi wake anavyo pia, jeni za kuulizia ni EXT1 na EXT2. Wenye hali hiyo wengi hawapati saratani kamwe. Ni asilimia chache tu ambao kinundu kimoja hugeuka. Dalili ya hatari ni kinundu kinachoendelea kukua au kuanza kuuma baada ya mtu kumaliza kurefuka. Zipo pia hali mbili zinazofanana nayo machoni, ugonjwa wa Ollier na wa Maffucci, ambazo kwa kawaida hazirithiwi: badiliko la jeni hutokea mtoto akiwa tumboni, katika baadhi tu ya seli zake.

Saratani ya Ewing kwa kawaida si ya kurithi. Vipande vya kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba) mbili, mara nyingi ya 11 na ya 22, huungana vibaya ndani ya uvimbe wenyewe. Ni nadra mno kwa watu wenye asili ya Afrika. Kodoma ni nadra kuliko zote hizi, inatokea kwenye fuvu kwa chini, kwenye uti wa mgongo au kwenye mfupa wa nyonga ya nyuma, na nitairudia mwishoni kwa sababu ndiyo iliyofundisha watafiti jambo kubwa.

Jina hilo linapatikana wapi? Kwenye ripoti ya patholojia, ile inayoandikwa baada ya kinyama kuchukuliwa na kutazamwa kwa hadubini. Kadi ya kliniki au cheti cha kifo hakitoshi. Nenda kitengo cha kumbukumbu cha hospitali ukiwa na jina lote la mgonjwa kama lilivyoandikwa wakati ule (si kama mnavyomwita nyumbani), namba ya faili kama ipo, na mwaka. Omba nakala ya ripoti na namba ya sampuli. Uliza pia kama maabara bado ina bloku, yaani kile kipande cha nyama kilichohifadhiwa ndani ya nta. Bloku hukaa miaka mingi bila kuharibika, na DNA inaweza kutolewa humo hata kama mwenyewe alishafariki, ingawa huwa imekatikakatika. Sio kila hospitali hutunza vitu hivi muda mrefu, kwa hiyo anza na wagonjwa wa zamani zaidi. Wa sasa hatapotea.

Hatua ya 2: Chora mti, na usiamini majina ya undugu

Mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, mstari wa mlalo kwa ndoa, wa kushuka kwa watoto. Aliyeugua saratani unamjaza rangi, aliyefariki unamkata kwa mstari wa mshazari, na mgonjwa mliyeanzia kwake anawekewa mshale. Vizazi vitatu ndio kiwango cha chini. Tumia penseli kwa yote uliyoyasikia na kalamu ya wino kwa yale tu yenye karatasi. Kanuni hiyo ndogo itakuokoa baadaye, daktari atakapouliza "hili mlilijuaje?"

Sasa tatizo letu wenyewe. Kiswahili kina heshima kubwa katika undugu, na heshima hiyo inaficha damu. "Baba mdogo" anaweza kuwa mdogo wake baba wa tumbo moja, au wa baba mmoja na mama tofauti, au binamu yake baba, au jirani aliyekua naye. "Kaka" anaweza kuwa mtoto wa mama mkubwa. "Bibi" anaweza kuwa dada yake bibi. Katika mazungumzo ya kawaida ni sawa kabisa, na anayetofautisha huonekana mbaguzi. Kwenye mti wa vinasaba kila tofauti inabadilisha hesabu: ndugu wa baba na mama mmoja huchangia kama nusu ya vinasaba, wa mzazi mmoja robo, binamu moja ya nane.

Kwa hiyo usiulize "Hamisi ni nani kwako?" Uliza "Mama yake Hamisi anaitwa nani? Baba yake je?" Ukiwauliza hivyo wazee wa ukoo wetu wa mfano, unagundua Hamisi na Salimu wamechangia baba tu, mama yake Hamisi alikuwa mke wa pili. Sasa tazama kilichotokea. Kama saratani ya Hamisi na ya Zuhura zina chanzo kimoja cha kurithi, chanzo hicho hakiwezi kuwa kimetoka kwa bibi mzaa Salimu. Kimepita kwa Babu Bakari. Swali moja la adabu limefuta nusu ya ukoo.

Kwa kila mtu andika mwaka wa kuzaliwa, kama yu hai, ugonjwa, kiungo ulikoanzia, na umri alipogundulika. Umri wa kugundulika ni muhimu kuliko umri wa kufa. Saratani ya matiti katika miaka 34 na ile ya miaka 70 ni habari mbili tofauti.

Wazee hawakumbuki miaka lakini wanakumbuka matukio, basi tumia matukio. Kabla au baada ya Vita vya Kagera (1978 hadi 1979)? Mvua za El Nino (1997 hadi 1998) zilimkuta hai? Mwalimu alipofariki mwaka 1999 alikuwa shule au ameoa? Kwa njia hii Hamisi, aliyezaliwa karibu mwaka 1977, anaonekana alikatwa mguu wakati wa El Nino, akiwa na miaka kama 20. Na Babu Bakari alikufa mwaka wa vita akiwa hajafika 50, baada ya miezi ya kuumwa kichwa, kutapika asubuhi na upande mmoja wa mwili kulegea.

Kisha kuna maelezo yanayofunika ugonjwa. Kwa Hamisi familia ilisema ni ajali ya baiskeli. Huenda ni kweli alianguka. Lakini mfupa ulioliwa na uvimbe huvunjika kwa kishindo kidogo, na anguko ndilo linalobaki kwenye kumbukumbu. Vivyo hivyo "alipigwa mpira kwenye goti": pigo halisababishi osteosakoma, linamfanya mtu autazame mguu ambao tayari ulikuwa unaumwa. "Alirogwa" nayo usiibishie. Andika, kisha uliza nini kilionekana mwilini, kilianza wapi, kilichukua muda gani.

Uliza kwa upole kuhusu mimba zilizoharibika, watoto waliokufa wachanga, mtoto wa nje ya ndoa, mtoto wa kulelewa. Uliza kama kuna ndoa za binamu, jambo la kawaida katika koo nyingi za pwani. Zina uzito kwa magonjwa yanayohitaji jeni mbovu kutoka kwa wazazi wote wawili, kama lile la RECQL4. Watu wanaoitwa jina moja kwa sababu ya kurithi jina la babu wape namba. Na usifanye mahojiano msibani siku ya kwanza. Arobaini, Idi, Krismasi, harusi: hapo wazee wamekaa, wanakumbushana wenyewe, na wewe unaandika.

Hatua ya 3: Usomeje mti

Unatafuta mambo manne: umri mdogo, saratani nadra, mtu mmoja mwenye saratani zaidi ya moja, na mlolongo unaoshuka upande mmoja wa ukoo. Usitafute mfupa peke yake. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kudhani kwamba saratani ya mfupa inayorithiwa lazima ionekane kama mifupa mitupu.

Mwaka 1969 madaktari wawili wa Marekani, Frederick Li na Joseph Fraumeni, walieleza familia ambazo watoto walikuwa na saratani za misuli na nyama laini huku mama zao wakiwa na saratani ya matiti wangali vijana. Ilichukua hadi mwaka 1990 kuthibitishwa kwamba familia za aina hiyo hurithi badiliko kwenye jeni TP53, ambayo kazi yake ni kuisimamisha seli iliyoharibika isiendelee kugawanyika. Saratani zake ni hizi: mifupa na nyama laini, matiti kabla ya ukomo wa hedhi, ubongo, tezi ya adrenali iliyo juu ya figo, na za damu. Rudi sasa kwenye mti wa Zuhura: mfupa, matiti, mguu uliokatwa, kichwa. Kwa mtu asiyejua ni magonjwa manne tofauti. Kwa mshauri wa vinasaba ni ukurasa mmoja.

Mlango wa pili ni jicho, na kwa Afrika Mashariki ningeuuliza kila mara. Retinoblastoma ni saratani ya jicho ya watoto wadogo; mboni hung'aa nyeupe kama jicho la paka usiku, mara nyingi ikionekana kwanza kwenye picha ya simu. Kama asilimia 40 ya wagonjwa wana aina ya kurithika, kutokana na jeni RB1, na mwenye uvimbe macho yote mawili huhesabiwa kuwa ni wa kundi hilo. Mtoto aliyepona jicho akiwa na mwaka mmoja anaweza kupata osteosakoma akiwa na miaka 15, hata kwenye mguu ambao haukuwahi kupigwa mionzi. Kwa hiyo uliza: kuna mtu kwenye ukoo aliyetolewa jicho utotoni? Watu husema "ana jicho la bandia" na kupita.

Mti usioonyesha chochote haufuti urithi. Badiliko linaweza kuanza upya kwa mtoto mwenyewe. Katika retinoblastoma ya kurithika wengi hawana mzazi aliyeugua, na kwa TP53 sehemu ya wagonjwa ni wa kwanza katika ukoo wao. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2020, wenye wagonjwa zaidi ya 1,200 wa osteosakoma, ulikuta zaidi ya robo yao wana badiliko lenye madhara kwenye mojawapo ya jeni za saratani, ingawa sio zote zimethibitishwa kuwa ndizo zilizoleta uvimbe wa mfupa. Ndiyo maana kijana mwenye osteosakoma anastahili swali la vinasaba hata kama babu zake walizeeka salama.

Hatua ya 4: Nani apimwe, na maabara iulizwe nini

Apimwe kwanza mgonjwa. Si baba, si dada mzima mwenye wasiwasi. Ukimpima mtu mzima wa afya kwanza na jibu likaja safi, hujui kama amenusurika au kama ukoo wenu hauna badiliko hilo tangu mwanzo. Ukimpima mgonjwa na likapatikana, ndugu wote wanaobaki wanatafutiwa kitu kimoja kinachojulikana, herufi fulani ya vinasaba mahali fulani, na kipimo hicho ni rahisi zaidi na jibu lake ni ndiyo au hapana. Kama mgonjwa hali yake si nzuri, sampuli ya damu ichukuliwe mapema na ihifadhiwe hata kama fedha ya kupima haijapatikana. Najua ni jambo gumu kulisema kando ya kitanda. Lisemwe na daktari, na mapema.

Kama wote waliougua wamefariki, omba bloku. Kama haipo, apimwe ndugu wa karibu zaidi, huku mkijua kwamba jibu safi kwake halimalizi habari.

Kipimo kiwe cha damu au mate, si cha uvimbe peke yake. TP53 huharibika ndani ya osteosakoma nyingi bila kurithiwa. Ripoti ya uvimbe inayosema "TP53 imebadilika" haijakuambia lolote kuhusu watoto wako mpaka damu ithibitishe. Mgonjwa wa saratani ya damu, au aliyepandikizwa uboho, damu yake hupotosha. Kwake hutumika ngozi.

Uliza maabara maswali haya kabla ya kulipa: mnasoma jeni gani, na jeni nzima au sehemu? Kipimo kinaona kipande cha jeni kilichofutika au kilichorudiwa, au kinaona makosa ya herufi moja moja tu? Swali hili la pili si la madoido. RB1 hufutika kwa vipande vikubwa mara nyingi kiasi kwamba kipimo kisichoviona kinaweza kukupa jibu safi la uongo. Sampuli inasomewa wapi? Baadhi ya maabara za binafsi za Nairobi na Dar es Salaam hupokea damu na kuituma nje ya nchi. Tanzania ina Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 inayogusa uchukuaji na usafirishaji wa sampuli. Kenya, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inahesabu taarifa za vinasaba kuwa nyeti. Maabara makini itakuonyesha fomu ya ridhaa bila kuombwa.

Vifaa vya kupima asili vinavyouzwa kwenye mtandao, ambavyo ndugu walioko Marekani na Ulaya hupenda kutumiana kama zawadi, viache nje ya kazi hii. Husoma vituo vichache vilivyochaguliwa, si jeni nzima. Uchunguzi mmoja wa mwaka 2018 uliorudia kupima mabadiliko yaliyoonekana kwenye data ghafi za namna hiyo ulikuta asilimia 40 hayakuwepo.

Hatua ya 5: Kulisoma jibu

Majibu hupangwa katika madaraja matano: lenye madhara, pengine lenye madhara, lisilojulikana maana yake, pengine halina madhara, halina madhara. Mawili ya kwanza ndiyo yanayofanyiwa kazi. Mawili ya mwisho yanawekwa pembeni.

La katikati ndilo linalotesa watu wetu. Maabara hulinganisha badiliko na kumbukumbu za watu waliokwisha kupimwa, na kumbukumbu hizo kwa sehemu kubwa ni za watu wa asili ya Ulaya. Badiliko ambalo ni la kawaida kabisa Tanga au Kisumu linaweza kuonekana geni na kupewa alama ya kutojulikana. Kwa hiyo Mwafrika hupewa jibu la namna hii mara nyingi zaidi kuliko Mzungu, na si kwa sababu ana ugonjwa zaidi. Usikate kiungo kwa ajili yake, usiwapime ndugu wazima kwa hofu yake. Liandike kwa penseli, na uulize tena baada ya mwaka au miwili. Majibu haya hubadilishwa daraja, mengi yakishuka.

Jibu la "lenye madhara" nalo lisomwe kwa kiasi. Kila mtoto wa mwenye badiliko la TP53 au RB1 ana nafasi ya nusu kulirithi, na kila mimba ni shilingi inayorushwa upya. Kuwa na watoto wanne hakumaanishi wawili. Halafu kurithi si kuugua. Kwa TP53 hatari ya saratani ya aina yoyote maishani ni kubwa, karibu asilimia 70 au zaidi kwa wanaume na kubwa zaidi kwa wanawake, lakini Salimu aliyezaliwa mwaka 1974 anaweza kuwa alilipokea, akalipitisha kwa binti yake, na yeye mwenyewe akawa hajawahi kulazwa hata siku moja.

Hatua ya 6: Kuwaambia ndugu

Mwenye jibu ndiye mwenye habari. Daktari hawezi kumpigia simu shangazi yako. Chagua mtu mmoja kila upande wa ukoo, mtu anayesikilizwa, na mpe karatasi moja yenye jina la jeni, badiliko lenyewe kama lilivyoandikwa na maabara, na mahali pa kwenda. Usiseme "tuna kansa kwenye damu", kwa maana neno hilo litavunja uchumba wa mtu kesho yake. Sema kuna kitu kinachoweza kupimwa, na anayetaka kujua anaweza kujua.

Wapo watakaokataa. Waache, mradi wameambiwa. Watoto hupimwa tu pale jibu linapobadilisha matunzo yao ya sasa. Kwa RB1 linabadilisha tangu siku ya kuzaliwa, na kwa TP53 pia tangu utotoni.

Na mama wa mgonjwa asiachwe peke yake. Nimeona familia ambapo jibu lilionyesha upande wa baba, na bado mama ndiye aliyelaumiwa.

Hatua ya 7: Kufuatilia waliorithi

Kwa wenye badiliko la TP53 kuna utaratibu ulioanzia Toronto, Kanada: MRI (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku) ya mwili mzima na ya ubongo kila mwaka, ultrasaundi ya tumbo, vipimo vya damu, na MRI ya matiti kwa wanawake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba, baada ya miaka mitano, waliofuatiliwa walikuwa hai kwa asilimia 88.8, na wasiofuatiliwa asilimia 59.6. Kundi lilikuwa dogo, lakini pengo hilo si la kupuuza.

Sasa tuseme ukweli: MRI ya mwili mzima kila mwaka iko mbali na mifuko ya wengi wetu. Kinachowezekana karibu kila wilaya ni hiki. Maumivu ya mfupa yasiyo na sababu yanayodumu zaidi ya wiki mbili au tatu, hasa ya usiku, kwa mtoto wa ukoo huu, hayakandwi na hayasubiriwi, yanapigwa eksirei. Uvimbe wowote unatazamwa na daktari aliyeonyeshwa karatasi ya jeni. Wanawake waanze uchunguzi wa matiti wakiwa na umri wa miaka 20 hivi. Mtoto anayezaliwa na mzazi aliyewahi kuwa na retinoblastoma apelekwe kwa daktari wa macho wiki za kwanza za maisha, wala si baada ya mboni kung'aa.

Jambo moja la kuliandika kwa wino mwekundu kwenye faili: wenye TP53 au RB1 huepushwa na mionzi pale njia nyingine inapokuwepo, kwa sababu tiba ya mionzi yenyewe inaweza kuzaa saratani ya pili. Uamuzi ni wa daktari, lakini hawezi kuamua asilolijua. Eksirei moja ya goti haimo katika onyo hili.

Hatua ya 8: Mti wenu na watafiti

Ukoo ambao umepimwa na haukupata jibu ndio hasa watafiti wanaouhitaji. Mfano bora ni kodoma, ambayo humpata takriban mtu mmoja kati ya milioni kwa mwaka.

Mwaka 1927, mjini Paris, mtafiti wa asili ya Urusi, Nadezhda Dobrovolskaya-Zavadskaya, alieleza panya waliozaliwa na mikia mifupi. Badiliko lao lilipewa jina la Kigiriki, Brachyury, maana yake mkia mfupi. Jeni hiyo hujenga, kwa kiinitete, uzi unaotangulia uti wa mgongo, kisha kwa kawaida hunyamaza. Karibu miaka 80 baadaye ilionekana kwamba kodoma, inayotokana na mabaki ya uzi huo huo, huwa na protini ya jeni hiyo kwa wingi. Watafiti wakiongozwa na Rose Yang, wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, wakachunguza familia 7 tu zenye wagonjwa wengi wa kodoma. Usomaji wa herufi za jeni haukuonyesha kosa. Walipohesabu nakala za jeni hiyo, familia 4 kati ya 7 zilikuwa na jeni nzima iliyorudiwa mara mbili. Matokeo yalitoka mwaka 2009. Familia saba! Ndiyo maana nilikusihi uiulize maabara kuhusu vipande vilivyorudiwa.

Mwaka 2012 likapatikana badiliko jingine la herufi moja kwenye jeni hiyo hiyo, lililokuwemo kwa karibu wagonjwa wote wa kodoma waliochunguzwa. Lakini limeenea pia kwa mamilioni ya watu wasio na ugonjwa wowote. Kitu kinachozidisha mara kadhaa hatari ya mmoja kwa milioni bado kinakuacha salama, na anayekuuzia kipimo chake peke yake anakuuzia hofu.

Kabla ya kutia saini kwenye utafiti wowote, uliza kibali cha maadili kiko wapi. Kwa utafiti wa afya Tanzania utasikia jina la NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), na Kenya utafiti hupewa leseni na NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi na teknolojia). Uliza sampuli itakaa wapi na kwa muda gani, kama mtapewa majibu au la, na kama mnaweza kujitoa baadaye. Jibu la maabara ya utafiti lirudiwe kwenye maabara ya tiba kabla halijatumika kwa mtu yeyote. Utafiti mzuri hauwatozi fedha.

Daftari likae kwa mtu mmoja, picha zake kwa wawili, na kila ukurasa uwe na tarehe. Mtoto akizaliwa, ongeza duara au mraba wiki hiyo hiyo. Mtu akiugua, ongeza umri na jina la uvimbe siku ripoti inapotoka. Kila mwaka, wakati wa mkusanyiko mmoja wa familia, pitia yale ya penseli uone lipi limepata karatasi. Kwenye daftari la mfano wetu, Zuhura ni wino, Mwanaidi ni wino, na Hamisi alipata wino baada ya bloku yake kupatikana. Mraba wa Babu Bakari bado ni wa penseli.